Mwenye Laini Ni Mmoja

Ukipanda kutoka Kibuye kuelekea Lukuli, huoni dalili yoyote kwamba kilima hiki cha Makindye kiliwahi kufanya kazi ya utarishi. Kazi yenyewe ilifanyika vyumbani, katika nyumba za kupanga, kwenye seva iliyowekewa betri chini ya meza. Nilikuwa mmoja wa waliozilinda seva hizo, na ninataka kuandika jinsi tulivyojifunza kuziacha nyuzi nyingi za programu (kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja) zitumie laini moja ya mtandao bila kuharibiana. Ni habari isiyosimuliwa, ingawa mamilioni ya meseji zilipita juu yake.

Celtel ilianza Uganda mwaka 1995, MTN ikafuata mwaka 1998. Kufikia 2009 tulikuwa na mitandao mitano: MTN, Zain (ndiyo Celtel iliyobadilishwa jina), UTL, Warid na Orange. Shule, Sacco, makanisa na redio, wote walitaka kuwafikia watu wengi kwa wakati mmoja. Aliyetaka kuwahudumia alihitaji laini ya kudumu hadi kituo cha meseji cha kila mtandao, na laini hizo zilizungumza SMPP, itifaki iliyobuniwa na kampuni ya Aldiscon ya Ireland.

Kila kifurushi cha SMPP huanza na baiti 16: urefu, aina ya amri, hali, na namba ya mfuatano. Namba hiyo ya mfuatano ndiyo inayokuruhusu kutuma meseji nyingi kabla jibu la ile ya kwanza halijarudi, kwa hiyo laini moja inatosha kwa kazi kubwa. Lakini chini yake kuna TCP, na TCP haijui vifurushi. Inajua baiti zinazofuatana tu.

Sasa weka nyuzi tatu. Wa kwanza unachota meseji kwenye hifadhidata na kuzituma. Wa pili unapokea majibu. Wa tatu, kila baada ya muda, unatuma amri iitwayo enquire_link, kuuliza kama laini ingali hai. Huo wa tatu tuliuhitaji sana, kwa kuwa umeme wa Kampala ulikatika mara kwa mara na laini iliweza kufa upande mmoja huku upande wa pili ukiendelea kungoja. Enquire_link ni baiti 16 tu, haina mwili. Ikiandikwa katikati ya meseji iliyotumwa nusu, kituo huzihesabu baiti hizo kuwa ni maneno ya meseji. Kuanzia hapo kila urefu unasomwa vibaya, na mwishowe kituo kinakata laini. Ni kama makarani wawili wanaoandika ukurasa mmoja wa daftari bila kungojana.

Kosa hili hujificha. Siku tulivu meseji nzima huingia kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya mfumo kwa mkupuo mmoja, na majaribio yote yanapita. Saa ya msongamano bafa inajaa, uandishi unasimama njiani, na uzi mwingine unapenya. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na ndugu wa kosa hilo: nyuzi zote ziliandaa maneno ya meseji katika bafa moja ya pamoja. Wiki ya kufungua shule, mama mmoja wa Katwe akapokea salio la ada la mtoto asiyemjua. Alipiga simu akilia, akidhani mwanawe amefukuzwa. Tangu siku ile sikubali mtu aniambie kwamba haya ni mambo ya wataalamu peke yao.

Shule yetu ilikuwa Kannel. Ni programu ya lango la meseji iliyoanzishwa Juni 1999 na kampuni ya Wapit ya Helsinki, na miongoni mwa waandishi wake wakuu alikuwa Lars Wirzenius, mwenzake Linus Torvalds tangu chuo kikuu. Tuliipakua bure, tukausoma msimbo wake wa C usiku kucha. Faili la conn.c ndilo lililonifungua macho. Kila muunganisho una makufuli mawili (uzi ukishika kufuli, mwingine hungoja), moja la kuingiza na moja la kutoa, ili anayesoma asimzuie anayeandika. Ukiyahitaji yote mawili, sharti uanze na la kutoa. Utaratibu huo ukivunjwa, uzi mmoja utashika hili na mwingine lile, na zote mbili zitasubiriana milele.

Lakini kilichonivutia zaidi ni conn_claim. Uzi unaweza kutangaza kwamba muunganisho huu ni wake peke yake; tangu hapo makufuli hayatumiki, na uzi mwingine ukiugusa, programu nzima inasimamishwa. Wengine huona ni ukali. Mimi naona ni huruma: heri programu ife mbele ya macho yangu kuliko ipeleke habari za mtoto kwa mama asiye wake.

U-Report ya UNICEF, huduma ya kukusanya maoni ya vijana kwa meseji, ilipoanza Uganda mwaka 2011 kwa namba 8500, ilijengwa juu ya RapidSMS, programu huria ya huduma za meseji, na kampuni ya Nyaruka ya Kigali ilikuwa imeiandikia ruta (sehemu inayoelekeza meseji) iliyoziepuka kabisa nyuzi za ruta ya zamani, ikifanya kazi yote kwa HTTP ndani ya Django, mfumo wa kujengea tovuti, na kuweza kuikabidhi Kannel meseji za kutoka. Ulikuwa uamuzi wa busara.

Vijana wa Kansanga wanaoniletea msimbo wao leo, huwauliza kwanza uzi gani unaimiliki laini, kisha nani anaruhusiwa kuifunga. Swali la pili ndilo gumu. Mfumo hutoa namba ndogo kabisa iliyo wazi kwa kila soketi mpya. Uzi mmoja ukifunga soketi namba 7 ya MTN, na mwingine ukafungua laini ya Airtel (ndiyo Zain ya zamani), Airtel yaweza kupewa 7 ileile. Uzi wa tatu ulioikariri 7 ya zamani utaandika meseji za MTN kwenye laini ya Airtel, na hakuna kosa litakaloripotiwa. Nayo conn_destroy ya Kannel, inayouvunja muunganisho, haifungi kufuli lolote; ndiyo maana maelezo yake yanakataza kuiita maadamu kuna uzi ambao huenda bado unauhitaji muunganisho huo.