Ukungu wa dawa tumboni: Ifahamu tiba ya PIPAC kwa saratani iliyosambaa

Na Mwandishi Wetu

SARATANI inapotoka katika kiungo ilikoanzia na kusambaa kwenye utando unaofunika viungo vya ndani ya tumbo, kazi ya daktari huwa ngumu maradufu. Hali hiyo huwakumba hasa wagonjwa wa saratani ya mfuko wa chakula, utumbo mpana, kongosho na ovari. Tumbo hujaa maji, matumbo huweza kuziba, na mara nyingi mgonjwa huelezwa kuwa upasuaji wa kuondoa uvimbe hauwezekani tena.

Tatizo kubwa ni kuifikisha dawa mahali penye ugonjwa. Vinundu vya saratani vilivyotawanyika juu ya utando huo hupata damu kidogo, hivyo dawa inayopitishwa kwenye mshipa haivifikii kwa kiwango cha kutosha, ilhali sehemu nyingine za mwili huumia kwa sumu yake.

Ni katika kutafuta ufumbuzi wa tatizo hilo ndipo ilipobuniwa nchini Ujerumani njia ya kupuliza dawa tumboni kwa shinikizo, inayojulikana kwa kifupi kama PIPAC. Jopo lililoibuni liliongozwa na daktari wa upasuaji, Profesa Marc Reymond. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 2011.

Inavyofanyika

Mgonjwa hulazwa usingizi wa dawa, kisha matundu mawili madogo hutobolewa tumboni. Tumbo hujazwa hewa ya kabonidayoksaidi hadi shinikizo la milimita 12 za zebaki. Kupitia tundu moja huingizwa kamera, na kupitia lingine kifaa kinachoigeuza dawa ya maji kuwa ukungu mwembamba. Ukungu huachwa humo kwa dakika 30, huku shinikizo likiisukuma dawa ipenye ndani ya vinundu.

Kwa kuwa dawa hizo ni hatari kwa anayezivuta, wahudumu wote hutoka chumbani kabla ya upulizaji kuanza na kuuendesha wakiwa nje. Kazi ikimalizika, ukungu huondolewa kupitia vichujio maalumu.

Tiba hurudiwa kila baada ya wiki sita hivi, mara nyingi kwa awamu tatu. Kila awamu madaktari huchukua vipande vidogo vya utando na kuvipima ili kujua kama saratani inarudi nyuma au inaendelea.

Dawa zinazotumika

Sisplatini na doksorubisini hutumika pamoja. Kipimo cha mwanzo cha sisplatini kilikuwa miligramu 7.5 kwa kila mita ya mraba ya mwili, takriban sehemu moja ya kumi ya kinachotolewa kwa mshipa. Kwa saratani ya utumbo mpana hutumika oksaliplatini, ambayo kipimo chake ni miligramu 92 kwa kila mita ya mraba.

Faida na mipaka

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu saratani ya ovari iliyorejea, wanawake 33 kati ya 53 waliopimwa walionyesha kunufaika. Hata hivyo, kwa 30 kati yao kunufaika huko kulimaanisha kuwa ugonjwa ulisimama. Watatu tu ndio ambao uvimbe wao ulipungua.

Ni dhahiri basi kwamba PIPAC si dawa ya kuponya. Lengo lake kuu ni kuuzuia ugonjwa, kupunguza maji tumboni na kumpa mgonjwa siku zenye nafuu. Ukungu nao hausambai sawasawa kila mahali: sehemu inayokabiliana na kifaa hupata dawa nyingi zaidi. Baadhi ya wagonjwa hupata maumivu ya tumbo na kichefuchefu. Aliyeziba utumbo, au ambaye viungo vyake vya tumboni vimegandana kwa makovu, kwa kawaida hafai kwa tiba hii.

Leo PIPAC hutolewa katika vituo vya nchi kadhaa, zikiwamo Ujerumani, Ufaransa, Uswisi, Denmark, Singapore na India. Mgonjwa anayeifikiria anashauriwa amwulize daktari wake maswali mawili: je, tiba ya kawaida ya mshipa imekwisha kujaribiwa, na je, nguvu za mwili zinatosha kustahimili usingizi wa dawa mara tatu?