DVD inakatakata kwenye kompyuta? Fanya jaribio hili kabla ya kumwita fundi

• Kunakili diski kwenye kompyuta kunaonyesha kama shida ni diski, draivu au kompyuta yenyewe.
• Vumbi, mikwaruzo na jua ndiyo maadui wakubwa wa DVD za sherehe.
• Kama ni nakala pekee uliyonayo, usiendelee kuilazimisha icheze. Iokoe kwanza.

Singida. Umeweka DVD ya harusi ya mwaka 2011. Ndugu wamejaa sebuleni, MC anaanza kuita ukoo wa bwana harusi, halafu picha inaganda. Draivu inaunguruma, sauti inakata, picha inaruka. Ikirudi, watu wameshafika kwenye keki.

Kwa familia nyingi diski hiyo ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki. Aliyepiga video alishafuta faili zake zamani, na baadhi ya waliomo wametangulia mbele za haki. Ndiyo maana kabla ya kupeleka kompyuta kwa fundi au kuitupa diski, inafaa ujue hasa kinachogoma ni nini.

Kwa nini inakata?

Watu wengi wanadhani kompyuta imekuwa “slo”. Mara nyingi siyo hivyo.

Video ya DVD inahitaji kusomwa kwa kasi isiyozidi megabiti 10 hivi kwa sekunde. Draivu ya kasi ya 1x, ambayo ni ya chini kabisa, inasoma megabiti 11 kwa sekunde. Draivu nyingi za kompyuta zinafika 8x na kuendelea, kwa hiyo kasi ipo ya kutosha.

Shida inaanza draivu inapokutana na sehemu isiyosomeka. Haikati tamaa, inarudia kusoma palepale tena na tena. Ule mngurumo unaousikia ndiyo huo. Wakati inahangaika, kompyuta haina cha kuonyesha, na picha inaganda.

Jaribio la dakika 20

Weka diski, fungua “This PC”, bofya DVD kwa kitufe cha kulia cha mausi kisha chagua “Open”. Utaona folda inaitwa VIDEO_TS. Inakili yote kwenye kompyuta. Kama ni VCD ya zamani, folda ya video inaitwa MPEGAV.

Diski nzima ya kawaida ina hadi GB 4.7, kwa hiyo hakikisha una nafasi. Draivu nzima huchukua kama dakika 10 hadi 20. Ikimaliza, fungua nakala hiyo uangalie.

• Imenakili vizuri na inacheza vizuri: diski inasomeka, ila draivu inapata tabu kidogo wakati wa kucheza. Tazama hiyo nakala, kazi imeisha.

• Imenakili vizuri lakini bado inakatakata: shida ni kompyuta au programu. Lakini kama inakata palepale hata kwenye kompyuta nyingine, huenda video ilihaririwa ikiwa hivyo.

• Imegoma katikati au inasota mahali pamoja: jaribu diski nyingine. Ikicheza vizuri, mgonjwa ni diski ya kwanza. Kama zote zinasumbua, mgonjwa ni draivu.

Angalizo: jaribio hili linafaa kwa diski zilizochomwa mtaani, kama za harusi, kipaimara au mahafali. Filamu nyingi za nje zilizotoka kiwandani zina kufuli, zinaweza kugoma kunakiliwa hata kama diski ni nzima. Isitoshe, kunakili kazi ya mtu bila ruhusa kunagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Kama mgonjwa ni diski

Singida ni mkoa mkavu wenye upepo mwingi, na kiangazi vumbi linaingia hadi kabatini. Diski iliyokaa bila kasha hubeba vumbi hilo na alama za vidole.

Chukua kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Futa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe, kwa sababu data imeandikwa kwa kuzunguka, na mkwaruzo unaofuata njia hiyo unaharibu kipande kirefu kwa mpigo. Kama kuna uchafu uliogandana, tumia maji na sabuni kidogo, kausha kabisa. Usiguse petroli wala tina.

Dawa ya meno? Inasugua plastiki kama msasa laini. Inaweza kupunguza mkwaruzo mdogo, inaweza pia kuongeza mingine. Kwenye nakala pekee ya familia, usijaribu.

Angalia na rangi ya upande wa chini. DVD ya kiwandani huwa na rangi ya fedha. Iliyochomwa mtaani mara nyingi inavuta zambarau, kwa sababu data imehifadhiwa kwenye tabaka la rangi maalumu. Tabaka hilo huchakaa kwa jua na joto. Diski iliyokaa dirishani au kwenye dashibodi ya gari inaweza kugoma hata kama haina mkwaruzo wowote.

Stika ya karatasi nayo ni tatizo. Inafanya diski iyumbe ikizunguka kwa kasi.

Kabla ya kukata tamaa, jaribu kompyuta nyingine mbili au tatu. Draivu hazifanani. Diski iliyogoma kwako inaweza kusomeka kwa jirani. Ikishindikana, muulize fundi kama anatumia programu ya kuokoa data kama ddrescue au IsoBuster. Ddrescue, kwa mfano, inaruka sehemu mbovu, inachukua zilizo nzima kwanza, halafu inarudi kujaribu zilizobaki.

Kama mgonjwa ni draivu

Kwenye laptopu, lenzi inatoka pamoja na trei. Zima mashine, kisha ipulizie hewa kwa kipulizio cha mkono. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Kwenye kompyuta ya mezani lenzi iko ndani. Usifungue kama hujui, na kamwe usiiangalie ikiwa inawaka, ni mwanga wa leza.

Draivu ya nje inayotumia USB hugoma ikikosa umeme wa kutosha. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, siyo kwenye kigawanyio. Kama waya wake una vichwa viwili, chomeka vyote.

Kama mgonjwa ni kompyuta

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona programu zinazokula prosesa. Masasisho ya Windows na antivairasi ndiyo wahusika wa kawaida. Subiri zimalize, au funga zile usizozihitaji.

Kwenye laptopu, angalia kama umeweka hali ya kubana betri. Hali hiyo inapunguza nguvu ya prosesa. Chomeka chaja ujaribu tena.

Windows kuanzia toleo la 8 haiji na uwezo wa kucheza DVD. Pakua VLC, ni ya bure. Kama bado picha inakata, ingia “Tools”, “Preferences”, kisha “Input / Codecs”, na uzime “Hardware-accelerated decoding”. Kwenye mashine za zamani hatua hii husaidia.

Ukiona mistari kama meno ya kitana watu wanapocheza, huko siyo kukatakata. Bonyeza herufi D ukiwa kwenye VLC, itatulia.

Ukishaiokoa, usiirudishe kabatini tu

Nakala ikikubali, iweke sehemu mbili tofauti: kwenye kompyuta na kwenye flashi ya kuanzia GB 8. Faili za VOB zilizo ndani ya VIDEO_TS kila moja haizidi GB 1, kwa hiyo zinaingia kwenye flashi yoyote yenye nafasi. Ukitengeneza faili moja la DVD nzima, flashi ya mfumo wa FAT32 italikataa likifika GB 4. Siyo kwamba flashi ni mbovu.

Faili hizohizo zinafunguka kwenye simu yako kwa VLC ya Android. Ukitaka kuzituma kwenye grupu la ukoo, zigeuze kwanza kuwa MP4 kwa programu ya bure ya HandBrake, zitapungua ukubwa.

Fanya hivyo wakati diski bado inakwama kidogo tu. Ikifika siku kompyuta haiitambui kabisa, fundi naye anaweza asiwe na la kufanya.