Kijiti kimoja kilionekana Roma, kingine kiko wapi?

Baada ya habari za jioni kugusa vita karibu na kinu cha nyuklia cha Zaporizhzhia kule Ukraine, mama mmoja aliye kwenye kambi ya wahami alinipigia simu. "Mwanangu," akasema, "watu hapa wanasema hata Kinshasa kuna kinu kama hicho. Vita ikifika kule, si kitatulipukia sisi wote?" Nilimjibu haraka redioni kwamba kipo, ila ni kidogo. Jibu hilo halikumtosha, na wengine wamepiga tangu siku ile kuuliza jambo hilohilo. Basi wapendwa wasikilizaji, leo niwaandikie historia yenyewe.

Mambo yanaanzia Katanga. Karibu na Likasi, mji ambao Wabelgiji waliuita Jadotville, kuna machimbo ya Shinkolobwe. Urani iligunduliwa pale mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière ikaichimba. Mwaka 1940, Ulaya ikiwa vitani, mkurugenzi wake Edgar Sengier alipeleka New York zaidi ya tani 1000 za mawe hayo yenye urani. Jeshi la Marekani likayanunua mwaka 1942, na sehemu kubwa ya urani iliyotengeneza bomu la Hiroshima, Agosti 1945, ilitoka kwetu. Wazee waliochimba kwa mikono yao hawakuambiwa wanachimbia nini.

Miaka ya 1950 Marekani ilibadilisha lugha, ikazungumzia atomu kwa ajili ya amani, na kusaidia nchi rafiki kupata vinu vidogo vya utafiti. Kongo ikapata chake kupitia chuo kikuu cha Lovanium, ambacho mkuu wake, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri Mbelgiji aliyesomea fizikia. Kinu hicho, TRICO I, kiliwashwa mwaka 1959 juu ya kilima cha Mont Amba, nacho kilikuwa cha kwanza barani Afrika. Januari ya mwaka huohuo damu ilikuwa imemwagika Léopoldville, watu wakidai uhuru. Mwaka 1972, wakati wa Mobutu, kikawashwa kikubwa zaidi, TRICO II.

Kikubwa kuliko cha kwanza, lakini tusitishane bure. Kinu cha Chernobyl kilicholipuka mwaka 1986 kilitoa joto la megawati kama 3200. TRICO II nguvu yake ni megawati 1. Hakijawahi kuwasha hata taa moja ya mtaani. Umeme wa Kinshasa unatoka Inga. Kilijengwa kwa ajili ya masomo, utafiti, na kutengeneza dawa zenye mionzi za hospitali. Tena aina hii ya kinu iliundwa makusudi kwa mikono ya wanafunzi: mafuta yake yakipata joto kupita kiasi, moto wa nyuklia unapungua wenyewe. Kwa hiyo, mama, hapana. Hakiwezi kulipuka kama bomu na kutufikia huku mashariki.

Hofu ya kweli iko pengine, nayo ni hofu ya mlango na kufuli.

Mafuta ya kinu hiki ni vijiti vya chuma vyenye urani ndani, kila kimoja urefu wake kama sentimita 70, chembamba kuliko mchi wa kutwangia sombe. Mtu mmoja anaweza kukibeba. Katika miaka ya 1970 vijiti 2 vilipotea. Raia wa Zaire hawakutangaziwa lolote. Ndipo mwaka 1998 polisi wa Italia walipokamata kimoja Roma, mikononi mwa watu wa mafia waliokuwa wanatafuta mnunuzi. Zaidi ya miaka 20 baadaye, bara jingine! Cha pili hakijaonekana mpaka leo. Kwa kijiti kimoja huwezi kutengeneza bomu la atomu, urani yake ni kidogo mno. Lakini mtu akikikata bila kujua, au akichanganya kilichomo na baruti ya kawaida, anaweza kuharibu afya ya watu na kuchafua mtaa mzima.

Mtu angedhani baada ya aibu ile ulinzi ungekazwa. Mwaka 2006 maofisa wa ubalozi wa Marekani walitembelea kituo hicho, wakaandikia wakubwa wao kwamba uzio una matundu, na mahali pengine haupo kabisa. Usiku hakuna taa juu yake, kamera hakuna. Wanafunzi walikuwa wanapita katikati ya kituo kama njia ya mkato, na kando ya jengo la kuhifadhia taka za nyuklia wananchi walikuwa wamelima muhogo. Nisieleweke vibaya, siwalaumu waliolima. Mwenye njaa akiona udongo mtupu hapandi maua.

Ila angalieni tulivyojua. Barua ile ilikuwa ya siri, tukaisoma mwaka 2010 kwa sababu WikiLeaks ilivujisha barua za mabalozi. Kabla ya hapo, Machi 2007, mkuu wa kamisheni ya nishati ya atomiki alikamatwa kwa tuhuma za magendo ya urani, akaachiwa siku chache baadaye, na raia wakabaki na uvumi wa magazeti. Shinkolobwe nako ni vilevile. Machimbo yalifungwa karibu na uhuru, lakini wachimbaji wa mkono walirudi kutafuta kobalti. Rais alipiga marufuku mapema 2004, na Julai mwaka huohuo udongo uliporomoka na kuua watu waliokuwa bado wanachimba. Amri ilikuwa kwenye karatasi, mlinzi hakuwepo.

TRICO II ilisimamishwa mwaka 2004. Kusimama si kuisha: vijiti vilivyokwisha kutumika vinabaki na mionzi miaka mingi, vinahitaji maji, mlango imara na mshahara wa mlinzi kila mwezi. Nanyi mnaosoma haya mkiwa kambini mnajua: risasi zikilia, familia inabeba godoro na sufuria, inaondoka. Kinu hakibebwi. Agosti 1998 waasi walifika mpaka mitaa ya Masina na Kimbanseke, ndani ya jiji lenyewe, kilima cha Mont Amba kikiwa palepale na urani yake.

Nilimpigia mama yule kumweleza haya yote. Alisikiliza kimya, halafu akauliza kama kile kijiti cha pili bado kuna mtu anakitafuta. Swali hilo nimeliandika kwenye daftari langu, niwaulize wanaohusika siku watakapokubali kuja kwenye maikrofoni.