Jinsi Walimu Walivyofundishwa Kuwafariji Watoto Waliofiwa

Methali yasema, Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Lakini tukizitazama desturi za misiba katika nchi nyingi, twaona ya kuwa yuko mfiwa mmoja asiyepewa nafasi ya kuanza kilio chake, naye ni mtoto. Mara nyingi aliambiwa ya kwamba mama yake amesafiri, akapelekwa kwa jirani hata matanga yaishe, na watu wazima walipomwona akicheza walisema, "Huyu hajui neno." Twataka kueleza hapa jinsi watu walivyotambua ya kuwa mtoto ajua, na jinsi walimu na walezi walivyofundishwa kumsaidia.

Elimu hiyo ilipata nguvu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mjini London, Anna Freud na Dorothy Burlingham waliwatunza watoto waliotengwa na wazazi wao kwa sababu ya vita, wakaziandika hali zao kwa uangalifu. Mmoja wa watumishi wao, James Robertson, alitoa mwaka wa 1952 picha ya sinema ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali siku nane mbali na mama yake. Madaktari wengi walikasirika, kwa maana walizoea kusema ya kuwa mtoto anyamazaye ametulia. Kumbe kunyamaza kwaweza kuwa kukata tamaa. John Bowlby, aliyefanya kazi pamoja na Robertson, alieleza katika vitabu vyake ya kwamba hata mtoto mdogo huomboleza.

Sasa tugeukie nchi yetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka wa 1983. Mwaka wa 1987 watu wazima wa mji wa Bukoba walipopimwa damu, karibu robo yao walionekana kuwa na virusi. Dawa za kupunguza makali hazikuanza kutolewa bure na Serikali mpaka mwaka wa 2004. Katika miaka hiyo wazazi wengi walikufa, na watoto wakaachwa mikononi mwa bibi zao. Wasamaria wema walileta chakula, sare na ada ya shule, na vitu hivyo vilihitajiwa kweli. Lakini mtoto mwenye sare mpya aliweza kukaa darasani macho yake yapo ubaoni na moyo wake uko kaburini. Mwalimu asiyeelewa alidhani ni uvivu, akamchapa.

Basi mwaka wa 1997 ilianzishwa huko Nshamba, wilaya ya Muleba, kazi iliyoitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji. Waganga wa maradhi ya moyo na akili walikuwa wachache mno, kwa hiyo walifundishwa walimu wa shule za msingi, maana hao ndio wamwonao mtoto kila siku. Mwaka wa 2000 yatima wenyewe walifanya chama chao, Vijana Simama Imara, ili wasaidiane. Na mwaka wa 2003 ilianzishwa Kwa Wazee, iwape malipo ya kila mwezi wazee waleao wajukuu, kwa kuwa bibi asiye na chumvi wala sabuni hawezi kufariji mtu kwa utulivu. Kule Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama wenye virusi wa chama cha NACWOLA waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, wapate kuijua asili yao. Mwaka wa 2002 ikaundwa REPSSI, kueneza mafunzo ya namna hii katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika.

Mafunzo hayo hufundisha nini? Kwanza, kusema kweli kwa maneno mepesi: baba amekufa; si kwamba amelala, maana aambiwaye hivyo huogopa usingizi. Pili, kujua ya kuwa mtoto huhuzunika kwa vipindi. Hulia sasa, hucheza baadaye, na mchezo wake si dalili ya kusahau. Tatu, kutambua ya kuwa hasira, utoro na kukojoa kitandani huenda ni lugha ya msiba. Nne, kumhakikishia ya kuwa hakusababisha kifo kile, kwani watoto wengi hujilaumu kimya kimya. Tano, kusikiliza bila kukatiza. Na hili ndilo gumu, kwa sababu mwalimu ambaye hajaulilia msiba wake mwenyewe huyakimbia machozi ya mtoto.

Leo dawa zimeokoa wazazi wengi, lakini ajali, uzazi na maradhi mengine bado huwaacha watoto wakiwa. Yatupasa basi kumfundisha kila mwalimu na kila muuguzi kazi hii kabla hajapewa darasa au wodi, ili siku ya msiba mtoto asipelekwe kwa jirani, bali aitwe, aketishwe karibu, aambiwe kweli, na aachwe aanze kilio chake.