Kazi inapojeruhi akili: njia ya kudai haki na fidia nchini Rwanda

Fundi akianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi huko Kagugu au Gacuriro, katika sekta ya Kinyinya jijini Kigali, jeraha lake huonekana na mashahidi hupatikana. Anayekosa usingizi kwa vitisho vya msimamizi au kwa mambo ya kutisha aliyoyashuhudia kazini hana bandeji ya kuonyesha. Hata hivyo, naye ana haki ya kusikilizwa.

Msongo wa mawazo hadi ugonjwa

Uchovu wa siku moja si ugonjwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu mkubwa utokanao na msongo wa kazi wa muda mrefu kuwa hali inayohusiana na ajira, wala si maradhi kwa maana ya kitabibu. Sonona na mfadhaiko unaofuata tukio la kutisha ni maradhi kamili. Mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani liliingiza matatizo ya akili katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi.

Tiba kwanza, kumbukumbu pamoja nayo

Mwenye bima ya afya ya jamii, mutuelle, huanzia kituo cha afya. Huko anaweza kupewa rufaa kwenda hospitali, kama Kibagabaga, na hali ikizidi, hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera. Kila cheti cha daktari kihifadhiwe. Mgonjwa amweleze daktari bayana kilichotokea kazini, kwa kuwa msingi wa madai ni uhusiano kati ya kazi na maradhi. Ujumbe wa simu, ratiba za zamu, barua za malalamiko na majina ya walioshuhudia husaidia kuthibitisha uhusiano huo.

Mlango wa kubisha

Sheria ya kazi ya mwaka 2018 imeweka ngazi tatu. Mgogoro huanzia kwa wawakilishi wa wafanyakazi, ambao hutafuta suluhu kwa maelewano. Wakishindwa, hupelekwa kwa mkaguzi wa kazi wa mahali kampuni ilipo. Kwa kampuni iliyopo Kinyinya, ni mkaguzi wa Wilaya ya Gasabo. Suluhu isipopatikana hapo, shauri huenda mahakamani. Mfanyakazi anayeruka ngazi hizi huhatarisha madai yake.

Ni vyema pia kutofautisha mafao na fidia. Mwajiri huchangia asilimia 2 ya mshahara katika mfuko wa ajali na magonjwa ya kazini unaosimamiwa na RSSB, hivyo mfanyakazi ahakikishe kwamba amesajiliwa. Fidia ya machungu ya moyo, indishyi z'akababaro, huombwa mahakamani dhidi ya aliyesababisha madhara. Mkataba usioandikwa hauruhusiwi kuzidi siku 90 mfululizo. Kibarua wa muda mrefu adai maandishi mapema, kabla mgogoro haujazuka.

Funzo kutoka Nairobi

Mwezi Mei 2022, Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja picha na video za ukatili za Facebook jijini Nairobi, aliishtaki Meta na kampuni ya Sama, akidai kazi hiyo ilimjeruhi kiakili. Mwaka uliofuata wafanyakazi wengine zaidi ya 180 walifungua shauri lao. Kampuni hizo zilipinga madai. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Desemba mwaka huo ilibainika kwamba zaidi ya wafanyakazi 140 walikuwa wamechunguzwa na daktari na kukutwa na mfadhaiko unaofuata matukio ya kutisha.

Kilichoyapa madai hayo uzito ni ripoti za kitabibu. Kwa mfanyakazi wa Kinyinya pia, karatasi ya daktari iliyoandikwa mapema ndiyo shahidi wa jeraha lisiloonekana kwa macho.