-Iba

-iba ni kitenzi chenye maana ya kutwaa mali ya mtu bila ridhaa yake, hasa kwa siri, kwa nia ya kuifanya yako. Mzizi wake ni wa kale katika lugha za Kibantu: Mnyarwanda husema *kwiba*, Mganda *okubba*, na ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kwa wasemaji wa Kinyanja wa Malawi, ni *kuba*. Kwa hiyo mkazi wa Lipingo, kata ya mwambao katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, halioni neno hili kuwa geni hata likitamkwa na mgeni aliyevuka ziwa.

Kitenzi huandikwa *kuiba* au *kwiba*, na wapo wasemao *amekwiba* badala ya *ameiba*. Mtendaji ni *mwizi*, wingi *wezi*. Umbo la zamani, *mwivi*, limebaki katika Biblia ya Muungano ya 1952, ndiyo maana waumini wengi bado hulisikia kanisani kuliko sokoni.

Utajiri wa neno uko katika minyambuliko. Mvuvi asiyeukuta wavu wake pale alipouanika atasema *wavu umeibwa*, au *nimeibiwa wavu*. Kauli ya kwanza inataja kitu kilichopotea. Ya pili inamtaja aliyeumizwa, na ndiyo inayobeba uchungu. Kusema *nimeibwa* ni kosa linalosikika mno siku hizi: maana yake ni kwamba msemaji mwenyewe ndiye aliyebebwa! *Kujiiba* ni kuondoka kimyakimya bila kuaga, na *kutazama kwa kuibia* ni kutupa jicho bila kutaka kuonekana. *Mwizi wa fadhila* ni mtu asiye na shukrani, hata kama hajawahi kugusa senti ya mtu.

Maneno jirani yasichanganywe. Anayechota usipa kiganja kimoja kutoka kwenye chanja, akatafuna huku akipita, *amedokoa*. Watu watamkemea, lakini hawatamwita jambazi. Anayechuma kahawa ya mwenzake usiku huko milimani Mbinga *ameiba*. Anayemtisha mwenye mali na kuichukua mbele yake *amenyang'anya* au *amepora*. Sheria nayo hutenganisha hivyo: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika toleo la 2002, ilieleza wizi katika kifungu cha 258 na kuweka adhabu yake ya jumla kuwa kifungo cha hadi miaka 7, ilhali unyang'anyi wa kutumia silaha una adhabu ya miaka isiyopungua 30.

Matumizi ya hatari kuliko yote ni ya neno moja lililopazwa barabarani: *Mwizi!* Mara nyingi kelele hiyo imewakusanya watu wenye mawe na fimbo kabla ya yeyote kuuliza kilichoibwa ni nini, na wapo waliouawa bila hatia. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Mwandishi wa habari, mwenyekiti wa kitongoji na jirani aliyeibiwa wana neno sahihi la kutumia hadi siku ya hukumu: *mtuhumiwa wa wizi*.