Dampo Lilihama, Udongo Ukabaki

Machi 1988 ni mwezi ambao wanasheria wetu wanaukumbuka kuliko wanahistoria. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano mwaka 1984, lakini mwananchi hakuruhusiwa kuzidai mahakamani hadi miaka mitatu ya matazamio ipite, yaani hadi Machi 1988. Mwaka huo haujaisha, wakazi wa Tabata walikuwa wamekwisha kufika Mahakama Kuu. Hawakwenda kudai vyama vingi wala uhuru wa magazeti. Walikwenda kwa sababu ya moshi, nzi na uvundo wa taka za jiji zima zilizokuwa zikimwagwa na kuchomwa jirani na nyumba zao.

Kesi hiyo, ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, hufundishwa katika vitivo vya sheria kama ushindi, na ni haki kuiita hivyo. Mahakama iliamuru utupaji wa taka Tabata ukome. Halmashauri iliporudi kuomba iongezewe muda, Jaji Lugakingira, ambaye miaka michache baadaye angeamua kesi mashuhuri ya mgombea binafsi, alionyesha mshangao wake waziwazi: hakuwahi kusikia chombo cha umma kikienda mahakamani, tena kwa kujiamini, kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda haki ya kuishi, ilisomwa kwa mara ya kwanza nchini mwetu kama haki ya kuvuta hewa isiyoua.

Ninaifundisha kesi hii nami, lakini kwa swali ambalo vitabu vya sheria haviulizi. Baada ya hukumu, dampo la Tabata lilikwenda wapi? Na lile eneo lililoachwa lilirithiwa na nani?

Swali la kwanza lina jibu, na jibu lenyewe ni ramani. Taka zilihamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, zaidi ya mia saba kwa idadi, nao wakafungua kesi mwaka 1991, na Mahakama ikawapa haki. Zikahamia Vingunguti mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati jiji likiendesha kampeni ya dharura ya usafi kwa msaada wa wafadhili. Vingunguti nako wakazi walipiga kelele, na dampo likafungwa mwaka 2001. Zikaenda Mtoni hadi 2007, kisha Pugu Kinyamwezi, zilipo hadi leo. Msomaji anayelijua jiji ataona kinaya cha kituo hicho cha mwisho: baada ya kuzunguka kwa karibu miaka 20, taka zimepandishwa kwenye ukanda wa vilima vya Pugu, ukanda uleule ambako Mto Msimbazi unaanzia safari yake ya kushuka kwetu.

Nasema kwetu nikikusudia Buguruni. Mtu akisimama hapa anaweza kuisoma historia yote hii bila kufungua kitabu. Ng'ambo ya Barabara ya Mandela iko Tabata. Kusini-magharibi iko Vingunguti, yenye machinjio, mabwawa ya majitaka na lililokuwa dampo. Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu, imepangwa viwanda vya tangu enzi za ukoloni na za mashirika ya umma. Na katikati unapita Msimbazi, ukichukua kidogo kutoka kwa kila mmoja, kabla ya kuelekea Kigogo, Jangwani na daraja la Salender. Buguruni haikuwahi kupewa dampo rasmi la jiji. Ilipewa ujirani.

Swali la pili ndilo gumu. Hukumu za Tabata na Kunduchi zilikuwa na kitenzi kimoja kikuu: acheni. Hazikuwa na kitenzi cha pili: safisheni. Siwalaumu majaji, walalamikaji wenyewe waliomba moshi uondoke, na ukaondoka. Lakini taka zilizozikwa hazisikii amri ya mahakama. Betri, rangi, dawa, mafuta machafu na vyuma hubaki chini, na mvua ya masika huvishusha kwenye maji ya ardhini na mtoni. Dampo linapofungwa bila kufunikwa kitaalamu, bila kuvuna maji yanayochuruzika, bila mtu wa kupima, halijafungwa. Limebadilishwa jina likawa kiwanja.

Na kiwanja hakikai bure Dar es Salaam.

Kwamba bonde hili lina sumu si uvumi wa mitaani. Mwaka 1999 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walichapisha utafiti kuhusu mboga za majani zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walipima madini mazito ndani ya mboga hizo, yakiwamo risasi na kadmiamu. Mboga zenyewe ni zilezile zinazofungwa mafungu alfajiri na kuuzwa katika masoko yetu, mchicha ukiwa wa kwanza. Watafiti wengine wamefuata njia hiyo tangu hapo. Linalonisumbua ni kwamba matokeo yao yalichapishwa katika majarida ya kimataifa, kwa Kiingereza, na mama anayemwagilia matuta yake pembeni mwa mto hakuletewa hata karatasi moja ya kumweleza ni tuta lipi alime na lipi aliache. Kilichomfikia mara kwa mara ni mgambo wa kumfyekea.

Hapa ndipo suala la fedha na msaada linapoingia, na inafaa tulitazame bila haya: fedha za kusafisha ardhi zimewahi kuja Dar es Salaam, ila zimekuwa zikichagua. Tazama Mtoni. Dampo hilo lilipofungwa lilipata mradi wa kunasa gesi inayotokana na taka zinazooza, ulioendeshwa na Halmashauri ya Jiji pamoja na kampuni ya Italia, Consorzio Stabile Globus. Ulisajiliwa mwaka 2007 chini ya utaratibu wa Itifaki ya Kyoto, na ulikuwa wa kwanza wa aina yake Tanzania. Kwa nini Mtoni na si Vingunguti? Kwa sababu dampo la Mtoni lilikuwa bado changa na lenye gesi nyingi, na gesi hiyo ikizuiwa huleta hati za kaboni zenye mnunuzi Ulaya. Sumu iliyomo kwenye udongo wa Vingunguti haina mnunuzi. Inamdhuru mkazi wa Vingunguti peke yake, na mkazi huyo hana soko la hisa. Kisha bei ya hizo hati ikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2010, na pamoja nayo ikaporomoka hoja kwamba soko litatusafishia madampo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikuja na maneno mazuri. Inakubali kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe. Inaruhusu kutolewa amri ya kumlazimisha mchafuzi airejeshe ardhi katika hali yake. Inaanzisha Mfuko wa Taifa wa Dhamana ya Mazingira. Lakini itazame tarehe. Viwanda vingi vya umma vilikuwa vimekwisha kuuzwa katika miaka ya 1990. Mnunuzi alinunua mitambo, majengo na hati ya ardhi. Je, alinunua pia deni la miaka 30 ya maji ya rangi na kemikali yaliyomwagwa mtoni? Na pale ambapo mchafuzi ni Halmashauri yenyewe, kama ilivyokuwa Tabata na Vingunguti, ni nani atakayempelekea amri nani? Kanuni ya mchafuzi alipe inamhitaji mchafuzi anayejulikana, aliye hai na mwenye fedha. Katika bonde la Msimbazi mara nyingi tunakosa yote matatu.

Wamarekani waliligundua tatizo hili mapema, kwa maumivu. Baada ya kashfa ya mtaa wa Love Canal, uliojengwa juu ya pipa kwa pipa za kemikali katika jimbo la New York, Bunge lao lilipitisha sheria ya mwaka 1980 inayojulikana kama Superfund, iliyowatoza kodi wenye viwanda vya mafuta na kemikali ili kusafisha maeneo yasiyo na mwenyewe. Kodi hiyo iliachwa ife mwaka 1995 na kurudishwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo nisiwapambe kupita kiasi. Ninachowaonea wivu ni kipengele kimoja kidogo kilichoongezwa mwaka 1986: kikundi cha wakazi kinaweza kupewa ruzuku, ya kuanzia dola 50,000 hivi, ili kijiajirie mtaalamu wake wa kukisomea ripoti za serikali na za kampuni. Si fedha za kusafisha. Ni fedha za kuelewa. Anayeelewa kilichomo ardhini mwake hawezi kufukuzwa kikaoni kwa grafu.

Jirani zetu wa Mombasa wamekwenda mbali zaidi yetu bila sheria kama hiyo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilitia sumu ya risasi katika damu za watoto na katika udongo. Wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido, walishitaki. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Zaidi ya hapo, iliwapa wahusika miezi minne kuusafisha udongo na maji, la sivyo walipe shilingi milioni 700 kwa shirika la wanajamii wenyewe liusimamie usafishaji huo. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miaka hiyo ya rufaa watu wameizeekea. Hata hivyo ile amri ya 2020 ina kitenzi cha pili ambacho hukumu za Tabata hazikuwa nacho, tena inamtaja atakayeshika fedha.

Sasa fedha nyingi zimefika kwenye bonde letu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, na Hispania na Uholanzi zikaongeza. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuwapeleka manusura Mabwepande, yalikuwa hoja ya kutosha, na sina ugomvi na daraja jipya la Jangwani wala na bustani inayokusudiwa. Waliohamishwa wamelipwa thamani ya nyumba zao, na kwa upande wa ardhi, baada ya mvutano mrefu, wakapewa shilingi milioni 4 kila mmiliki. Lakini kazi kubwa ya mradi iko bonde la chini, kuanzia Barabara ya Kawawa kuelekea baharini. Buguruni, Vingunguti na Tabata ziko juu ya hapo. Bustani itanyweshwa na maji yanayopita kwetu kwanza.

Wapo watakaonikumbusha kwamba vikundi vya mitaa vina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vipo kweli vikundi vya kuzoa taka vilivyonufaika. Ila ule ni mkopo, lazima uzae marejesho. Hakuna kikundi cha Mivinjeni au Malapa kitakachokopa ili kupima risasi kwenye udongo, kwa kuwa kipimo hakiuzwi sokoni.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasimamizi wa mradi na wa ule Mfuko wa Dhamana ni dogo kuliko daraja. Maabara tunazo, chuo kikuu tunacho, na wanafunzi wa kemia wanatafuta mada za tasnifu kila mwaka. Pimeni udongo wa madampo ya zamani ya Tabata na Vingunguti, na kingo za mto kuanzia machinjioni hadi Kigogo. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, mtaa kwa mtaa, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za serikali za mitaa, pale pale yanapobandikwa majina ya wapiga kura. Wakazi nao wapewe fungu la kumlipa mtaalamu wao wa kuyahakiki, kabla mtu wa kwanza hajaja na michoro ya ghorofa.